Fundi wa Ng'ambo na Shimo la Bi Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmefunga? Na nyinyi wakubwa hapo nyuma, msijifanye mmekuja kusindikiza watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu. Hapo zamani za kale palikuwa na mto, na upande huu wa mto aliishi Bi Ngiri na watoto wake watatu, Jivu, Tope na Vumbi. Zamani walikuwa watano. Wawili waliumwa na swila, yule nyoka mtema mate, humo humo ndani ya shimo, mama yao amelala mlangoni. Asubuhi aliwaita wote. Watatu waliamka.

Mnajua ngiri anavyoingia nyumbani? Haingii kwa kichwa kama mimi na wewe. Anageuka, anatanguliza makalio, kurr, kurr, kinyumenyume, meno yake marefu yakitazama nje. Adui akija, anakutana na meno. Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kwa desturi hiyo Bi Ngiri hakuwahi kuiona nyumba yake kwa ndani, hata siku moja. Swila aliingia, akakaa, akazoea, na mwenye nyumba hana habari.

Baada ya msiba ule akaja Nguchiro. Alitoka ng'ambo, maana huku kwetu nguchiro hakuwepo hata mmoja. Alikuwa mdogo, mwembamba, ana macho mekundu na pua isiyotulia. Kila asubuhi aliingia shimoni, akapekua kila kona. Akikuta nyoka, alimuua. Akikuta papasi, wale wadudu wanyonya damu wanaojificha mavumbini, aliwala. Ujira wake ulikuwa hicho alichokila. Kisha alitoa kichwa nje akaita:

"Chiri-chiri! Ndani salama, Mama Jivu!"

"Chwiri! Ahsante, fundi!"

Ikawa hivyo masika na kiangazi. Majirani nao wakajitafutia nguchiro wao kutoka ng'ambo. Watoto wakanenepa. Bi Ngiri akalala usingizi wa kweli.

Basi, katikati ya mto palikuwa na jiwe la chumvi. Fisi, mkuu wa ng'ambo, akasema jiwe ni letu. Mbogo, mkuu wa huku, akasema jiwe ni letu. Fisi akaonyesha meno. Mbogo akapiga kwato, du! du! du! Waliokuwa wakilamba chumvi pamoja jana, leo hawasalimiani.

Mbogo akaita baraza.

"Sikilizeni! Mnyama wa ng'ambo asiingie tena katika shimo la mnyama wa huku. Nguchiro wote warudi kwao. Wanazijua nyumba zetu kuliko sisi wenyewe."

Bi Ngiri akasimama. "Mzee Mbogo, fundi wangu ameniibia nini? Amenidhuru nini? Una ushahidi?"

"Ushahidi sina. Hofu ninayo."

"Wewe unalala majanini, mzee wangu. Huna shimo. Swila akija, haji kwako, anakuja kwangu. Nimeshazika wawili."

Mbogo alikuwa mkali, lakini hakuwa na roho mbaya. Akasema, "Nawapa siku saba. Mtafute njia."

Jirani wa Bi Ngiri, Nungunungu, hakungoja hata hiyo siku ya pili. Alimfukuza fundi wake kwa miiba, akamchukua Kicheche, kwa sababu Kicheche ni wetu, wa huku huku, mtoto wa nyumbani. Kicheche akatia pua shimoni, akaitoa. "Safi!" akasema, akaenda zake. Siku ya nne Nungunungu alionekana amekaa juani, anajikuna, kwaru, kwaru, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Vipi, jirani?" Bi Ngiri akauliza.

"Swila yumo ndani. Mimi niko nje."

Bi Ngiri akarudi nyumbani na mawazo yake. Akimfukuza fundi, nyoka. Asipomfukuza, labda Fisi. Aliwatazama watoto wakigaagaa matopeni, akawahesabu, akawahesabu tena. Nguchiro alipokuja asubuhi, alimzuia mlangoni.

"Fundi, leo unijibu usoni. Fisi amekuuliza habari za nyumba yangu?"

"Bado."

"Akikuuliza?"

Nguchiro akakaa chini. Akajilamba mguu ambao haukuwa na uchafu wowote.

"Mama Jivu, nimeua nyoka saba humu ndani. Sijakufanyia hila hata siku moja. Lakini watoto wangu wanne wanalala kwenye kichuguu kule ng'ambo, na Fisi anapita hapo kila siku. Akiweka mguu wake juu ya kichuguu akaniambia sema, nitasema. Nikikuahidi sitasema, nitakuwa nakudanganya."

Bi Ngiri aliumia. Alikuwa ametamani aambiwe niamini tu, mama, alale tena kama zamani. Akajikaza.

"Kuna nini cha kusema, hata hivyo? Nyumba yangu ina mlango mmoja, na kila mtu anauona."

"Ina miwili."

"Miwili?"

"Mhanga, yule mnyama mchimba mashimo, aliyelichimba shimo hili, aliacha njia ya nyuma. Inatokea kule kwenye kichaka cha miiba. Nilikuambia siku ya kwanza kabisa. Nilikuambia na mambo mengine mengi. Ukapiga miayo, ukasema, ndiyo, ndiyo, fundi, mambo ya ndani ni yako, mimi nataka usingizi."

Bi Ngiri akakumbuka. Ni kweli alipiga miayo. Msicheke nyinyi! Nani kati yenu hajawahi kusema ndiyo, ndiyo, bila kusikiliza, ili aachwe apumzike?

"Sasa nifanye nini?"

"Zimebaki siku tatu. Ingia ndani, kwa kichwa. Nikuonyeshe nyumba yako."

Kwa kichwa! Ngiri gani anaingia kwa kichwa, mgongo wake ukiachiwa dunia nzima? Alisimama mlangoni. Akawaza wale wawili. Akafumba macho, akaingia, kurr, akafumbua.

Nyumba ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani. Na ilikuwa chafu kuliko alivyodhani. Siku ya kwanza Nguchiro alimfundisha harufu ya swila, na jinsi ya kupiga kwato mpaka ardhi itikisike, nyoka atoke mwenyewe. Siku ya pili alimfundisha kuchimbua mavumbi wanamojificha papasi na kuyasukumia nje juani. Siku ya tatu alimpeleka mpaka mwisho wa njia ya nyuma, wakaona mwanga ukipenya kwenye miiba.

Hakuwa stadi kama fundi. Papasi wengine walimponyoka, na alijigonga kichwa mara nyingi. Lakini alikuwa anaona.

Jioni ya siku ya saba Nguchiro akaaga.

"Mama Jivu, nikishaondoka, badilisha nyumba."

"Nibadilishe nini?"

"Usiniambie!" Nguchiro aliruka kama aliyekanyaga moto. "Nisilolijua haliwezi kutolewa kinywani mwangu. Chiri-chiri. Ndani..." Akasita. "Ndani utaangalia mwenyewe."

Akavuka mto. Bi Ngiri alimtazama mpaka akapotea, kisha akafanya kazi aliyoifanya, na mimi siwaambii bado.

Mwezi mmoja ukapita. Alfajiri moja, umande bado uko majanini, mlangoni pakasikika kishindo. Fisi mkuu alikuwa ametuma fisi wawili. Fisi wa kwanza alikuwa anabweka na kurusha mchanga. Bi Ngiri alikuwa mlangoni, meno nje. Fisi yule hakusogea karibu. Alikuwa anapiga kelele tu, kana kwamba anataka watu wa ndani wakimbilie nyuma.

Na huko nyuma fisi wa pili alikwenda moja kwa moja kwenye kichaka cha miiba. Hakutafuta, hakunusa huku na huku. Alikwenda pale pale, akatumbukiza kichwa kwa pupa, ngwa! Mawe! Bi Ngiri alikuwa ameijaza njia yote mawe na udongo, akaushindilia kwa kwato. Fisi akavuta kichwa, hakitoki. Akavuta tena, miiba shingoni, mawe kwenye taya. Kilipotoka, sikio moja lilibaki mle kwenye miiba. Wakakimbia wote wawili, wakavuka mto wakilia.

Jivu, Tope na Vumbi walitoka wakishangilia. Mama yao hakushangilia. Upande huu wa mto hakuna mwingine aliyeijua njia ile. Fundi alikuwa amesema.

Moyo ulimuuma, siwafichi. Akateremka mpaka mtoni na watoto nyuma yake, mikia juu. Ng'ambo, juu ya jiwe la ukingoni, alisimama Nguchiro. Nyuma yake walikuwapo watoto wake. Bi Ngiri akawahesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akaona pua ile isiyotulia ikihesabu pia. Jivu. Tope. Vumbi. Hakuna aliyemwita mwenzake. Kila mmoja akageuka akarudi kwake, na hasira ya Bi Ngiri ikabaki pale pale kwenye maji.

Mpaka leo ngiri huingia nyumbani kinyumenyume. Lakini mtazameni vizuri. Kwanza husimama, akaingiza kichwa, akanusa ndani. Ndipo anageuka.

Na funzo lake ni hili. Anayeingia nyumbani kwako kukulinda, usiulize tu kama ana moyo mzuri. Uliza pia ni nani anayeweza kumlazimisha. Wala usimfukuze kwa hofu kabla hujajifunza kazi yake, maana nyoka hangoji wakubwa wapatane. Na nyumba yako, ijue wewe mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Bi Ngiri. Anayetaka kuingia, atangulize kichwa.