Ngoma ya Hoza na Kiondo

“Nusu ya asali ni asali, nusu ya ngoma si ngoma.” Vijana waliokuwa wakipukuchua mahindi walipoisikia methali hiyo, walimwuliza Mzee Shekalaghe ilikotoka. Akawaambia ilianza hivi.

Zamani, huko milimani Usambara, waliishi ndugu wawili, Kiondo na mdogo wake Hoza. Baba yao alipofariki aliwaachia mtungi wa asali na ngoma kubwa. Ukungu uliposhuka, ngoma hiyo ndiyo iliyowatoa watu msituni. Sauti yake ilipenya weupe ule taratibu, na aliyepotea akaifuata kama aliyeshikwa mkono.

Asali waligawana kwa kata, kila mmoja akaenda kwake na asali. Ngoma wakaigombania mwezi mzima, hata Hoza akashikwa na hasira, akaipasua kwa shoka toka juu hadi chini.

“Chukua yako, kaka. Tusisumbuane tena.”

Hazikupita siku nyingi, ukungu ukashuka mchana. Mboni, binti yake Hoza, alikuwa msituni akitafuta kuni. Hoza akaikimbilia nusu yake, akaipiga. Ko, ko. Mlio ukazama palepale. Akaona kama anaota: miti haipo, nyumba hazipo, hata mikono yake anaiona kwa mbali. Kisha akasikia, ng'ambo ya bonde, ko, ko nyingine.

Akapapasa njia hadi kwa kaka yake.

“Kaka, Mboni hajarudi.”

“Nimesikia. Nimepiga mpaka mkono umekufa ganzi. Huu ni ubao tu, mdogo wangu.”

“Ni mimi niliyeiua.”

“Nami nilikubali kuchukua nusu. Twende.”

Wakafungana kamba viunoni, wakaingia msituni wakiita. Alasiri wakamkuta chini ya genge, mguu umevunjika, midomo imekauka kwa baridi.

“Baba,” akanong'ona, “mbona ngoma haikulia? Nilikaa nikiisubiri.”

Hoza akainama mbele yake. Akambeba mgongoni, akalia njia nzima.

Mboni alipona, ila alichechemea maisha yake yote. Ndugu wale wakachonga ngoma nyingine, ikakaa kwa Kiondo, maana nyumba yake ilikuwa juu zaidi. Watu wakamwuliza Hoza, “Na wewe, fungu lako liko wapi?”

Akamtazama binti yake akipita uani, kisha akawajibu: “Nusu ya asali ni asali, nusu ya ngoma si ngoma.”