Pimbi na Swali Asilojua Jibu Lake

Paukwa!

Pakawa!

Watoto, sogeeni mbele. Nanyi wakubwa mlioegemea ukuta, msijifanye hamsikii. Hii ni yenu pia.

Hapo kale, kale ya mbali, palikuwa na kilima cha mawe katikati ya nyika. Kilimani hapo waliishi marafiki watatu. Wa kwanza Nungunungu, mwenye miiba yake mgongoni. Wa pili Digidigi, mwenye miguu myembamba na mbio kama upepo. Wa tatu Pimbi, mama mfupi, mnene, asiye na mkia. Huyu Pimbi ndiye mwenye hadithi.

Walikuwa na mchezo wao. Kila asubuhi, jua likishapasha mawe moto, walikutana wakaulizana maswali. Si mafumbo, la. Maswali ya mambo ya dunia, yenye majibu ya kweli. Mmoja anaita, "Swali!" Wenzake wanaitikia, "Lete!"

"Swali!"

"Lete!"

"Buibui ana miguu mingapi?"

"Minane!"

"Swali!"

"Lete!"

"Twiga ana mifupa mingapi shingoni?"

"Saba! Sawasawa na yako wewe, Digidigi, na shingo yako fupi hiyo."

Nani aliyejibu? Nungunungu. Jana nani? Nungunungu. Na juzi? Nungunungu huyo huyo. Akipata jibu, miiba yake inalia kwa furaha, cha-cha-cha, cha-cha-cha.

Mchezo ulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, usiulize jambo usilolijua. Jibu uwe nalo wewe kwanza. Ya pili, ukisema "sijui", unashuka jiwe. Maana walikaa juu ya mawe matatu yaliyopandana kama ngazi. La juu la mshindi. La kati la anayemfuata. La chini la yule wa mwisho.

Pimbi akakaa la chini. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya kumi alitabasamu. Mwezi wa pili hakucheka wala hakutabasamu. Akirudi nyumbani watoto wake wanamwuliza, "Mama, leo umekaa jiwe gani?" Naye anawaambia, "Kuleni mlale."

Asubuhi moja Nungunungu akasema kule juu, "Dada Pimbi, hilo jiwe sasa tuliite kwa jina lako. Jiwe la Pimbi!"

Digidigi akacheka. Nungunungu akacheka, cha-cha-cha. Hawakuwa na ubaya. Mtu akicheka huwa haoni anayechekwa anatazama wapi. Pimbi alitazama chini.

Kiangazi kikaingia. Majani yakakauka. Pimbi akashuka bondeni kutafuta chakula, akafika pale maji ya mvua yalipokuwa yamekula ukingo. Akaona mzizi umechomoza. Mnene. Mweupe. Akaukwaruza kwa ukucha, ukatoa utomvu wa njano. Akaunusa. Harufu yake tamu. Lakini hakuuonja, kwa sababu hakuujua. Tangu kuzaliwa kwake hakuwahi kuuona.

Akasimama pale. Akawaza. "Mimi siujui. Basi na Nungunungu haujui. Leo atasema sijui. Leo atashuka."

Mnasikia? Alikuwa anaivunja sheria ya kwanza. Na alijua.

Akauchimba. Akaubeba hadi juu ya kilima.

"Swali!" akaita, kabla hajaketi.

"Lete!"

"Huu ni mzizi gani?"

Digidigi akautazama, akatikisa kichwa. "Mimi sijui."

Nungunungu akashuka kutoka jiwe lake. Akauzunguka upande huu. Akauzunguka upande ule. Miiba yake imelala, kimya, haina hata sauti. Pimbi akawa anaomba moyoni. Sema. Neno moja tu. Sema sijui.

"Huu?" akasema Nungunungu. "Huu ni kiazi mwitu. Babu yangu aliula kila kiangazi."

"Una hakika?" akauliza Digidigi.

"Mimi huyu? Tazama!"

Kacha! Kacha! Kacha! Akatafuna nusu nzima, akameza. Akamgeukia Pimbi, utomvu wa njano unamtiririka kidevuni. "Haya, dada. Nimepata au nimekosa?"

Pimbi akafungua mdomo. Akisema umekosa, ataulizwa jibu lenyewe. Akisema sijui, watajua amevunja sheria. Kwa hiyo akasema neno lililokuwa jepesi kuliko yote.

"Umepata."

Cha-cha-cha! ikalia miiba. Nungunungu akachukua kilichobaki, akaendelea kula kwa raha. Kacha. Kacha. Kikabaki kipande kidogo tu.

Jua halikupanda hata urefu wa mkono. Nungunungu akapiga miayo. Akapiga tena. Akasema, "Mawe leo yanazunguka." Kisha miguu ikamlegea, akaanguka, puu!

Digidigi akamrukia. "Nungu! Nungu, fumbua macho!" Akamgeukia Pimbi. "Mwaka ule wa ukame, shangazi yangu alikula kitu asichokijua. Akalala, tukasema amechoka, tukamwacha. Hakuamka. Dada, usimwache alale! Mfinye, mpigie kelele, fanya lolote. Mimi naenda kwa Muhanga."

Muhanga alikuwa mchimbaji wa vichuguu, mbali, ng'ambo ya mto mkavu. Kila kilichomo ndani ya udongo alikuwa amekutana nacho. Digidigi akakifunga kile kipande katika jani, akakibana mdomoni, akaondoka. Shwaa! Vumbi likabaki.

Pimbi akabaki na rafiki yake.

Akamsukuma. Kimya. Akamvuta sikio. Kimya. Akapiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Kope za Nungunungu zinashuka, zinashuka. Pimbi hakujua la kufanya, ikamtoka tu, kwa mazoea:

"Swali!"

Miiba ikatikisika. Kidogo. Cha.

"Le... te."

Pimbi akashikilia hapo hapo. "Ndege gani anataga yai kubwa kuliko ndege wote?"

"Mbuni."

"Swali!"

"Lete."

"Popo ni ndege?"

"Si ndege. Ananyonyesha."

"Swali! Usilale! Swali!"

"Lete..."

"Tembo anabeba mimba miezi mingapi?"

"Ishirini... na miwili."

Akamwuliza habari za nyuki. Akamwuliza habari za mamba na meno yake. Akamwuliza mlima mrefu kuliko yote barani, akajibiwa Kilimanjaro. Jua likafika utosini. Mawe yakachoma. Pimbi akajisogeza upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mwenzake, akaendelea kuuliza. Swali. Lete. Swali. Lete. Kila jibu linachelewa kuliko lililotangulia.

Mwisho akaita, "Swali!"

"Lete," ikajibu sauti kutoka mbali.

Pimbi akatafuta. Akatafuta kichwani mwake huku na huku. Hapana kitu. Alikuwa amemaliza maswali yote aliyokuwa na majibu yake.

Miiba ikanyamaza.

"Nungu!"

Kimya.

"Nungu, swali!" Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. "Ule mzizi unaitwaje?"

Midomo ya Nungunungu ikacheza. "Kiazi..."

"Siyo! Siujui! Sikuujua nilipokuuliza. Nilikwambia umepata, na sikujua chochote. Nilidanganya, Nungu."

Cha! Miiba ikasimama yote kwa pamoja. Jicho moja likafumbuka.

"Umevunja sheria."

"Nimevunja."

Jicho likamtazama. Likamtazama sana. Kisha Nungunungu akasema polepole, neno moja moja, kama anayepanda mlima, "Nami sikuujua."

"Na babu yako?"

"Babu yangu alikufa kabla sijazaliwa."

Upepo wa moto ukapita juu ya mawe.

"Kwa nini uliuliza?" akasema Nungunungu.

"Nilichoka na jiwe la chini."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

Nungunungu akafikiri. "Kweli," akasema. "Ningekucheka."

Kope zikaanza kushuka tena. Pimbi akaona hana sheria ya kulinda tena. Akauliza jambo ambalo jibu lake hakulijua, na safari hii alitaka kulijua.

"Swali."

"Lete."

"Wewe unaogopa nini?"

Nungunungu akachelewa. Pimbi alidhani amelala. Lakini alikuwa anatafuta jibu, kama wengine wote wanavyotafuta.

"Siku mtakayojua yote ninayoyajua," akasema. "Mtakuja kwangu kufanya nini? Mtazame mwenye miiba. Nani anamsogelea? Mnakuja kwa ajili ya majibu."

Pimbi akainuka. Akajisogeza. Mwiba ukamchoma begani, akasema "ashh". Mwingine ukamchoma ubavuni. Akajisogeza zaidi, mpaka akalaza kichwa chake karibu na kichwa cha rafiki yake.

"Nimekuja kukaa," akasema. "Swali. Mama yako alikuwa anakuitaje ulipokuwa mdogo?"

Akamwambia. Jina lenyewe Pimbi hakumwambia mtu maisha yake yote, kwa hiyo nami sina. Akamwuliza kuhusu shimo alilozaliwa. Akamwuliza ni tunda gani alilipenda, na mvua gani anaikumbuka. Majibu yakaja. Mafupi, mazito, lakini yakaja.

Jua lilikuwa limeinamia magharibi waliposikia kishindo. Ti-ti-ti-ti! Kwato juu ya mawe. Digidigi, mapovu mdomoni, goti moja linavuja damu, amebeba gome la mti.

"Yu hai?"

"Yu hai!"

"Muhanga amesema atafune gome hili, atapike mpaka pasibaki kitu."

Pimbi akalitafuna yeye kwanza ili kulilainisha. Chungu! Chungu hata macho yake yakajifumba. Akalitia kinywani mwa mwenzake. Nungunungu akatapika. Akatapika tena. Akatapika mara ya tatu, kisha akavuta pumzi ndefu, na miiba yake ikalia yenyewe, cha-cha-cha, bila kuitwa.

Aliishi. Lakini sitawadanganya, watoto. Hakuwa yule wa zamani. Miguu ya nyuma ilibaki dhaifu. Ulimi ukawa mzito; jambo la kusema mara moja alilisema kwa muda wa kula chakula. Muhanga alikuwa amemwonya Digidigi kwamba itakuwa hivyo. Na Muhanga, yule aliyechimba nyika nzima, alipoulizwa jina la ule mzizi alijibu, "Jina silijui. Dawa yake ndiyo ninayoijua."

Pimbi akamweleza Digidigi yote. Alivyouchimba mzizi, alivyowaza, alivyosema umepata. Digidigi akamsikiliza mpaka mwisho. Akainuka, akaenda zake. Siku saba hakumsemesha Pimbi. Akipishana naye njiani anatazama upande wa pili. Pimbi hakumlaumu. Kila asubuhi alimpelekea Nungunungu maji na majani, akakaa naye, akarudi.

Siku ya nane Digidigi akaja, akasimama mbele ya mlango wa Pimbi.

"Twende tukayashushe yale mawe," akasema. "Peke yangu siyawezi."

Wakasukuma. Grrr! La juu likaporomoka. Grrr! La kati likafuata. Wakayalaza yote chini, ubavu kwa ubavu. Nungunungu akaletwa taratibu, akaketi katikati.

"Swali," akasema.

"Lete," wakaitikia, wakangoja. Wakangoja mpaka akalimaliza.

"Kwa nini... vumbi la jioni... linakuwa jekundu?"

"Sijui," akasema Pimbi.

"Sijui," akasema Digidigi.

"Nami sijui," akasema Nungunungu. Wakaliangalia vumbi, wote watatu.

Lakini Pimbi alikuwa na kazi moja bado. Asubuhi iliyofuata alishuka bondeni, akachimba mzizi wa pili. Akaubeba hadi uwanja wa wanyama wa kilima, akawaita. Wakaja kwale, wakaja sungura, wakaja mijusi, wakaja na watoto wa Pimbi mwenyewe. Akauinua juu wauone, mweupe, unatoa utomvu wa njano.

"Jina lake silijui," akasema. "Ladha yake siijui. Ninachokijua ni hiki: mimi nilimpelekea rafiki yangu, akauita kiazi mwitu, nikamwambia amepata, akaendelea kuula, akakaribia kufa. Utazameni vizuri. Unuseni. Kisha msiule."

Wakaunusa, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho.

Basi, mliokaa na mliosimama, maana yake ni hii. Usilolijua, sema hulijui, hata kama watakucheka. Na wewe unayejua mengi, usimcheke asiyejua, maana kicheko chako kinaweza kumfundisha kudanganya.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mimi nimeitua, atakayeitaka aibebe, aende nayo kwake.