Jani la Upande wa Juu

Mtu mmoja alikuwa na njia iliyozibwa na kichaka.

Aliitwa Aminieli. Kihamba chake, yaani shamba la migomba lenye nyumba ya ukoo ndani yake, kilikuwa upande wa chini wa mlima. Cha kaka yake, Ndesario, kilikuwa upande wa juu. Baba yao alipowagawia alichonga njia kati ya vihamba hivyo viwili, na kando yake, kulia na kushoto, akapanda masale kutoka lango la mmoja hadi lango la mwingine. Masale mnayajua. Ni yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa hushika jani lake anapokwenda kuomba msamaha. Akija nalo mkononi, hata kama kosa lake ni la damu, huwezi kumfukuza.

Mwaka mmoja wa ukame Aminieli alipanda hadi kwenye banio la mfereji, pale maji yanapogawanywa, siku ambayo haikuwa zamu yake, akageuza maji ya kaka yake yaje kwake. Migomba ya Ndesario ikakauka. Alipoulizwa alikana, tena akaapa kwa kaburi la baba yao. Ndesario hakumpiga wala hakumshtaki. Alirudi nyumbani kwake, na tangu siku ile hakuna aliyemtembelea mwenzake. Kichaka hakikungoja kualikwa. Kiliingia na miba yake, kikafunika masale, kikafunika njia, hadi mgeni asingejua kwamba watu waliwahi kupita hapo.

Miaka ikaenda. Kisha Aminieli akasikia kwamba kaka yake anapoteza macho. Hofu ikamshika. Alitaka Ndesario amtazame usoni na kumsamehe angali anaona, kwa maana alijua kwamba siku macho yale yakizima, kuna kitu kitakuwa kimempita ambacho hakirudi. Lakini katika ukoo wao mwenye kosa hapiti barabara kuu. Hupita njia ile ile iliyokufa kwa sababu yake, na jani hulichuma kwenye masale ya upande wake mwenyewe.

Basi akaenda mjini kwa mama mmoja anayekodisha matrekta, kutafuta mashine ya kufyekea, ile inayofungwa nyuma ya trekta na kukokotwa. Zilikuwepo mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ya visu vyepesi, ambayo ingemlazimu kwenda polepole na kurudia. Nyingine ilikuwa pana, ya visu vizito, inayolaza hata mti wa unene wa mkono kwa pigo moja. Mama akamuuliza, "Baba, njia yako ina upana gani?" Aminieli akamweleza jinsi kichaka kilivyo kinene. Mama akauliza tena, naye akaeleza kichaka tena. Akachukua ile pana. Msimcheke. Nani kati yetu, akiulizwa habari za njia yake, hajibu habari za kichaka?

Mashine ya kukokotwa ina tabia moja: inakata nyuma ya mgongo wako. Aminieli aliendesha trekta mwenyewe, macho mbele, akiona miba inavyolala chini ya magurudumu. Moyo wake ulifurahi. Alijisifu kwamba hakuna mtu mlimani aliyewahi kwenda kuomba msamaha kwa kasi namna ile. Hakugeuka hata mara moja.

Alipofika kwenye jiwe kubwa, mahali ambapo mpaka wa vihamba viwili unapita, mlio wa visu ukabadilika. Vilikuwa vinazunguka bure. Hakukuwa na cha kukata. Akazima trekta, akashuka.

Ndugu zangu, sikilizeni. Kutoka kwenye lile jiwe kupanda juu, njia ilikuwa wazi. Wala haikuwa imefunguliwa jana. Udongo wake ulikuwa umeshindiliwa na nyayo, na kwenye visiki vya kando makovu ya panga yalikuwa yamelala juu ya makovu ya panga, mengine meusi kwa umri, mengine yangali yanatoa utomvu. Kila mvua zilipokatika Ndesario alikuwa ameshuka kufyeka, mpaka kwenye jiwe, kisha akarudi. Kuvuka hakuweza, kwa kuwa aliyekosewa hampelekei mkosaji jani. Lakini kufungua alifungua, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya mtu ambaye hakuonyesha dalili yoyote ya kuja. Na masale ya upande ule yalisimama yote, marefu, mabichi, panga limezunguka kila shina bila kuligusa. Aminieli akaogopa. Aliogopa kama mtu aliyefungua mlango akidhani ni ghala, akakuta ameingia kanisani katikati ya sala. Akavua kofia, na hakuna aliyemwambia avue.

Ndipo akakumbuka jani, akageuka.

Nyuma yake njia ilikuwa pana kuliko baba yao alivyoichonga. Kulia na kushoto masale ya upande wake yalikuwa yamelala, yamesagwa pamoja na miba. Akapiga magoti, akapekua kwa mikono miwili kutoka kwenye jiwe hadi karibu na lango lake, akitafuta jani moja tu lililo zima. Alipata nyuzi na maji ya kijani yaliyomchafua vidole. Kile alichokuwa akikihitaji ili apokelewe, alikuwa amekikata mwenyewe akiwa njiani kwenda kupokelewa.

Ndesario alikuwa ameisikia mashine. Alishuka na fimbo, akipapasa shina moja la sale, kisha lingine, mpaka akafika kwenye jiwe. Hapo akasimama, akanyoosha mkono, akangoja. Aminieli akapanda, akasimama mbele yake. Maneno mazuri aliyoyaandaa yote yalimtoroka. Yaliyobaki yalikuwa ya kweli tu, basi akasema hayo: maji aligeuza yeye, kiapo kilikuwa cha uongo, na masale ya baba ameyafyeka yote, hana hata jani.

Mkono wa Ndesario ulibaki hewani muda mrefu. Kisha akaurudisha, na Aminieli akadhani amekataliwa. Lakini mkono ule ulikwenda pembeni, ukapapasa sale lililokuwa karibu na jiwe, la upande wa juu, ukachuma jani. Akaliweka katika kiganja cha ndugu yake, akamfumba vidole juu yake kimoja kimoja.

"Shika hili, mdogo wangu," alisema. "Halafu unipe."

Hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kuona jambo kama lile, na hakuna aliyethubutu kulipinga. Aminieli akampa jani kwa mikono yote miwili. Ndesario akalipokea, akamsogezea uso karibu kabisa, akamtazama kwa nuru ile kidogo aliyobakiwa nayo.

Mashine pana ilirudishwa mjini. Masale mnayoyaona leo upande wa chini ni vipande vilivyokatwa upande wa juu, vikashikizwa ardhini, vikaota.

Nawe uliyekaa hapo ukipima unene wa kichaka chako na kuchagua visu: ni lini utafika kwenye jiwe, uone ni nani amekuwa akikufyekea upande wa pili?