Jina la Mtoto wa Kabula

Sogeeni karibu, maana hukumu ya hadithi hii nitawaachia ninyi.

Kabula alimzika kaka yake baada ya kamba kukatika mgodini. Msibani walikuwepo wanawake watatu wa kiwanda cha kamba: Kokusima mkemia, aliyekuwa mchumba wa marehemu; Zuhura, fundi wa mashine ya kuvuta nyuzi; na Bi Nyamizi, msusi wa kamba, ambaye vidole vyake viliijua kamba kuliko macho ya wengine.

Kokusima alifuta machozi, akaingia maabara kutafuta uzi usiokatika. Minyororo midogo isiyoonekana kwa macho inayounda plastiki ya kawaida hulegea na kupinda kama tambi. Yeye akaunga minyororo yake kwa pete za kaboni sita sita, pete ngumu zisizokunjika. Kazi hiyo ilimla miaka miwili.

Lakini uzi wake ulikatika upesi, kwa kuwa pete zilikuwa zimelala ovyo. Zuhura akauvuta na kuuvuta tena, hadi zote zikalala upande mmoja. Mashine ilimkata vidole viwili, naye hakuacha. Uzi ukawa unabeba mzigo mkubwa kuliko waya wa chuma wa unene uleule.

Basi wakafanya kosa la watu waliozoea katani: kamba iliyosukwa kwa uzi huo wakaianika juani. Bi Nyamizi akaipapasa. Rangi yake ya dhahabu ilikuwa imegeuka kahawia.

"Jua linaila hii. Mnataka kuzika mwingine?"

Akaitupa, akasuka nyingine, akaifunika yote kwa nailoni nyeusi.

Kamba hiyo ndiyo iliyomtoa mumewe Kabula, Lushinge, shimoni siku maji yalipojaa. Kabula, mjamzito wa miezi minane, alimkumbatia akiwa na matope yake yote, akalia kwa furaha na kwa uchungu wa kumpoteza kaka yake.

Akajifungua binti. Katika ukoo wa Lushinge, mtoto huitwa jina la aliyeokoa uhai wa mzazi wake. Jina ni moja tu, na hutajwa siku kitovu kinapodondoka.

"Nilifanya kwa ajili ya kaka yako, wifi," alisema Kokusima.

Zuhura alionyesha mkono wake uliopungua vidole viwili.

"Mimi sina mtoto wala mjukuu," alisema Bi Nyamizi. "Nikifa, jina langu limekwisha. Ila usinipe kwa huruma, mwanangu."

Leo asubuhi kitovu kimedondoka. Watatu wote wameketi barazani. Mama mkwe anauliza, "Haya, tumwiteje?" Kabula anamtazama mtoto, kisha wale watatu.

Ninyi mliosikia yote, mngemwita nani?