Bakuli la Bi Nyamizi

Kuonja nako ni kula. Mmeisikia asubuhi hii, yule binti alipochota ukoko sufuriani akasema anaonja tu, na mama yake akamjibu kwa maneno hayo manne. Mmecheka, kisha mkaja kuniuliza ni nani aliyeyatunga. Hayakutungwa, wajukuu zangu. Yalimtoka mtu akiwa na uchungu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa Tabora palikuwa na mpishi wa shughuli akiitwa Nyamizi binti Kaswiza. Iwe arusi, iwe hitima, penye pilau ya kulisha watu mia tatu aliitwa yeye. Alikuwa mjane, akikaa nyumba moja na mwanawe Mrisho, fundi baiskeli, pamoja na mke wa Mrisho, Kalunde, aliyekuwa na mtoto mchanga.

Bi Nyamizi alikuwa mnene, na kwa miaka mingi hakuuona unene kuwa tatizo. Mpishi aliyekonda, alikuwa akisema, nani atakiamini chakula chake? Lakini magoti yakaanza kumuuma, presha ikapanda, na siku moja alianguka kando ya jiko la arusi, watu wakamwinua wanne. Daktari wa zahanati akampima: kilo mia na nne.

"Mama, shuka ufike themanini na tano," akamwambia. "Moyo wako umechoka kubeba mzigo huu."

Aliyelishika neno hilo kuliko wote ni Kalunde. Alimpikia mama mkwe wake ugali mdogo usiozidi ngumi, mchicha wa kuchemsha, maharage bila mafuta. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni wakatembea wote wawili hadi kwenye reli na kurudi, Bi Nyamizi akihema, Kalunde akimwambia, "Bado kidogo, Mama, tufike pale kwenye mnazi." Mnazi wenyewe haukuwapo, ilikuwa namna yake ya kumchekesha.

Miezi mitatu ikapita, kilo zikashuka hadi tisini na tatu. Gauni zikapwaya. Watu njiani wakamsifu, naye akazipenda zile sifa.

Kisha kilo zikagoma kushuka.

Pale zahanati wanawake wenye presha walipimwa pamoja kila mwanzo wa mwezi, na muuguzi alitaja kilo kwa sauti ili mwenzake aandike. "Nyamizi Kaswiza, tisini na tatu." Mwezi uliofuata, tisini na tatu. Mwezi wa tatu, tisini na tatu na nusu. Wale waliokuwa wakimsifu walianza kutazamana. Mmoja akanong'ona, nusu ya benchi ikasikia, "Huyu anatuambia hali, kumbe anakula kwa kujificha." Bi Nyamizi alishuka kwenye mizani akavaa viatu vyake akiwa ameinama, akakaa hivyo muda mrefu kuliko viatu vilivyohitaji. Hakuwa akijificha. Alikuwa akilala na njaa. Tangu aanguke hadharani hakuwahi kuona aibu kama ile.

Aibu hutafuta pa kutua. Yake ilitua kwa Kalunde. Akitembea kurudi nyumbani alijiuliza: mimi sipiki chakula changu, nani anayekipika? Akakumbuka chupa ya mafuta iliyokuwa ikiisha haraka. Alipoingia uani, Kalunde alikuwa anakoroga uji wa mtoto jikoni, na majirani wawili walikuwa wamekaa wakisuka ukili.

"Kalunde, unanitia nini kwenye chakula?"

"Chumvi kidogo tu, Mama."

"Na mafuta yanakwenda wapi?"

"Napikia chakula cha Mrisho."

"Mwongo! Unataka nife uirithi nyumba. Au umenitilia dawa za kwenu huko Urambo?"

Majirani waliacha kusuka. Neno "dawa" likisemwa mbele ya watu, kila mtu anajua ni dawa gani. Kalunde aliuepua uji, akaingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na kifurushi kimoja. Mrisho aliporudi kazini alimkuta mama yake peke yake. Akasikiliza, na tangu siku hiyo akawa anakula akitazama sahani.

Sasa Bi Nyamizi akajipikia mwenyewe, bila tone la mafuta. Mwezi ukaisha, akapanda kwenye mizani akiwa na uhakika. Muuguzi akasoma: "Tisini na nne."

Siku hiyo daktari alimwita ndani akafunga mlango.

"Mama, mwili ukipungua, hata chakula unachohitaji hupungua, kwa hiyo wengi hukwama. Lakini wewe umekwama sana. Hebu niambie, kazi yako nini?"

"Napika shughuli. Na msimu huu wa arusi sipumziki."

"Ukipika, huonji?"

"Naonja, daktari. Mpishi asiyeonja si mpishi. Lakini kuonja si kula."

Daktari hakubishana naye. Alimwambia, "Jumamosi nenda na bakuli. Kila utakachotia mdomoni, tia kingine kama hicho bakulini. Basi."

Jumamosi Bi Nyamizi aliweka bakuli la bati kando ya majiko, akamweleza msaidizi wake wa miaka mingi, Bi Chausiku. Akaanza kazi. Akaonja mchuzi wa nyama, akatia kijiko bakulini. Akaonja wali. Moyoni alikuwa akiona ni mchezo wa kitoto.

"Dada, hukutia," Chausiku akamwambia.

"Sikutia nini?"

"Kiazi."

"Kiazi gani?"

"Hicho unachotafuna."

Bi Nyamizi akasimama na upawa mkononi. Kweli, mdomo wake ulikuwa unatafuna. Hakukumbuka kukichukua. Akakimeza kwa shida, akatia kiazi bakulini. Baadaye ilikuwa kipande cha nyama cha kujua kama imeiva, kisha kingine kutoka sufuria ya pili, kwa kuwa moto wa huku si moto wa kule. Sambusa moja iliyopasuka, maana haikufaa kwa wageni. Ukoko. Kila mara Chausiku aliita, "Dada," na kila mara Bi Nyamizi alishtuka kama mtu aliyeshikwa mkono mfukoni mwa mwenzake.

Kabla ya adhuhuri bakuli lilijaa. Wakaleta sinia. Wageni walipoanza kula, sinia nayo ilikuwa na kilima.

Chausiku alilitazama lile rundo akasema taratibu, "Hiki ni chakula cha watu watatu, dada. Na jana tulipika pia."

Bi Nyamizi alivua mtandio wake akaifunika sinia, wapita njia wasiione. Lakini hakuwa akiyafikiria macho ya wapita njia. Alikuwa akimwona Kalunde akiepua uji na kuingia ndani.

Jumatatu alisafiri na Mrisho hadi Urambo. Kwa wakwe zake alipewa kiti, akakikataa, akaketi mkekani. Kalunde akatoka ndani, akapiga goti. "Shikamoo, Mama." Salamu ile ilimuumiza kuliko tusi.

"Marahaba, mwanangu," akajibu. Kisha akamgeukia babake Kalunde, Mzee Shilinde. "Mkwe wangu, nimekuja kuumbuka. Nilimsingizia binti yako mbele za watu. Aliyekuwa akininenepesha ni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, jikoni kwa watu. Nilijidanganya kwamba ninaonja tu."

Akaeleza habari yote ya bakuli, hata sambusa iliyopasuka. Mzee Shilinde alisikiliza bila kumkatiza.

"Na lile neno la dawa?" akauliza.

Hapo Bi Nyamizi, aliyekuwa amesema kweli tupu, akarudi nyuma hatua moja. Binadamu ndivyo tulivyo. Akasema, "Lile lilinitoka mara moja tu, mkwe wangu. Sikulimaanisha. Lilipita mdomoni likaenda."

Kalunde akainua uso. Hakupandisha sauti.

"Kuonja nako ni kula, Mama."

Bi Nyamizi alifunika uso kwa upindo wa khanga. Mrisho akatazama nje. Bi Nyamizi alikuwa amekuja akidhani amebeba aibu moja, kumbe ile kubwa zaidi ndiyo ilikuwa bado hajaitua. Alipofunua uso alisema, "Ni kweli. Nilikuita mchawi. Nimekosa, na pale niliposemea ndipo nitakapofuta."

Kalunde hakurudi naye siku hiyo, na Bi Nyamizi hakumshurutisha. Alirudi Tabora, akawaita wale majirani wawili, akawasimulia yote bila kujipunguzia. Wao ndio walioeneza habari na maneno ya Kalunde, maana watu hawawezi kukaa na habari kama ile.

Kazi ya kuonja akamwachia Chausiku, yeye akabaki kunusa na kutazama. Mwezi uliofuata muuguzi alisoma tisini na moja. Kufika themanini na tano kulimchukua mwaka na zaidi. Kalunde alirejea baada ya mavuno, kwa miguu yake na kwa hiari yake, wakatembea tena asubuhi hadi kwenye reli. Walipatana, lakini ule mzaha wa mnazi Kalunde hakuusema tena, wala Bi Nyamizi hakuthubutu kuuomba.

Maneno yakaingia kwenye majiko yote ya mji. Yakaambiwa mlevi anayedai ameonja tone, na msengenyaji anayedai amegusia tu. Watu waliyasema wakicheka, kama mlivyocheka ninyi. Bi Nyamizi akiyasikia alikuwa anainama, anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kwa kuwa yeye alijua yalivyosemwa mara ya kwanza, na nani, na kwa sauti gani: kuonja nako ni kula.