Protini ya Binadamu

Hii imenifikia kwa mdomo, nami naipitisha kwenu, ndugu zangu na wajukuu zangu. Ya maabara nitayasema kwa maneno ya jikoni, ndiyo niliyo nayo. Ukishaisoma, mpe na mwenzio mwenye mgonjwa ndani.

Palikuwa na mama mmoja, Bi Sikudhani. Mwanawe wa pekee, Sudi, alikuwa fundi cherehani. Akapatwa na ugonjwa wa kuishiwa nguvu. Ulianza vidoleni, ukashuka miguuni, mpaka akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano.

Bi Sikudhani alikuwa amemlea pia Mwajabu, mtoto wa marehemu dada yake. Mwajabu alisoma akawa mtafiti, na ugonjwa anaouchunguza ni huo huo uliompata Sudi.

Siku moja mama akamwuliza, "Hebu niambie mwanangu, kinachomla mwenzio ni nini?"

Mwajabu akamweleza taratibu. Mwili umejengwa kwa seli, vinyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Katikati ya kila seli mna chumba cha ndani, humo ndimo zinamotoka amri. Mlango wake haupitiki hivi hivi. Yupo mchukuzi: anabeba mzigo, anapita nao, anautua, anarudi mikono mitupu kufuata mwingine. Kwa Sudi, mizigo inarundikana nje.

"Na huyo mchukuzi ni nani?"

"Ni protini, mama mdogo. Hata kazini tunaye, kwenye kichupa ndani ya friza. Protini ya binadamu."

Hapo ndipo neno lilipoharibika.

Bi Sikudhani akasimama. "Unaye? Mwenzio mizigo imemrundikia, wewe mchukuzi umemfungia kwenye barafu?"

"Mama mdogo, ile si dawa. Ni ya utafiti tu."

"Umesema ya binadamu. Kwani Sudi ni mbuzi?"

"Nimesema hivyo kwa kuwa asili yake ni mtu. Tumewapa bakteria maelekezo ya mwili wa mtu, wao wakaitengeneza. Mbona tunasema maziwa ya ng'ombe, na ng'ombe hayanywi?"

"Na maziwa ya mtoto je? Anakamuliwa mtoto?"

Mwajabu akauacha mfano huo. Akasema tu, "Tukimdunga, haitafika inakotakiwa. Na inaweza kumdhuru."

"Nimekulea kwa mikono hii," mama akasema. "Ijumaa uje nayo. Kama huji nayo, usije."

Kazini, mwenzake Mbaruku alimwonea huruma. "Mtilie maji ya chumvi kwenye kichupa, umpelekee. Moyo wake utatulia, na wewe utalala."

Mwajabu akachukua kichupa kitupu. Akakitazama sana. Akakirudisha mahali pake.

Ijumaa akaenda. Bi Sikudhani alimtazama mikono kabla ya uso.

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja mwenyewe, mama mdogo."

"Basi rudi ulikotoka."

Ndani, Sudi akacheka pale alipolala. "Mama, mwache aingie, au unataka majirani wapate la kusema? Dada, huyo mchukuzi wenu mnamjaribia kwa nani?"

"Kwenye seli za watu wenye afya. Za mwenye ugonjwa huu hatujapata."

"Mama, unasikia? Mchukuzi haji kwangu. Basi si nipelekwe mimi kwake?"

Mama alilia, lakini hakumkataza.

Sudi akapelekwa. Akaelezwa yote, akakubali watoe kipande kidogo cha ngozi mkononi.

"Hii itaniponya?" akauliza.

"Haitakuponya, Sudi," Mwajabu akasema.

"Ahsante kwa kuniambia. Kateni. Ila mshone vizuri, mnamshona fundi."

Muda ukapita. Mwajabu akamwita mama yake mdogo, akamkalisha mbele ya hadubini. Kwenye kisahani kulikuwa na seli za Sudi zilizotoka kwenye ile ngozi, kuta zake za nje zimetobolewa ili protini iweze kuingia, na mizigo imetiwa rangi ya kijani inayong'aa. Mwajabu akaidondosha ile protini. Kijani kikakusanyika mlangoni kama watu kwenye geti la harusi, kisha polepole chumba cha ndani kikawaka.

"Yarabi! Mizigo imepita!"

"Imepita, mama mdogo. Lakini ni kwenye kisahani tu. Toka hapa mpaka kuwa dawa ni mbali. Huenda Sudi asiiwahi."

Bi Sikudhani hakuinua jicho.

"Nimesikia. Na atakayeiwahi ni nani?"

"Hatumjui. Mtoto wa mtu mwingine huko."

Mama akaliacha jicho pale pale kwenye ule mwanga. Kisha akapapasa pembeni mpaka akaupata mkono wa Mwajabu, akaushika.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Ya binadamu."

Funzo: Umpendaye mwambie ukweli hata kama atakufukuza mlangoni, kisha usichoke kurudi, maana uongo wa kumtuliza mmoja huweza kuwafungia mlango wengi.