Biriani Mbele ya Ndovu

Bwana Faraj, tajiri wa magari ya kutembeza watalii, alikuwa hapendi kushindwa hata kwa karata. Siku moja aliwapakia marafiki zake kutoka Mombasa, wakaenda kushinda kwenye mbuga ya Shimba Hills. Njiani alimwambia Mejumaa, dereva wake, huku wote wakisikia, "Nisipomwona ndovu leo, utarudi kwa miguu."

"Na ukimwona?"

"Nitarudi mimi!"

Mchana walitandika mkeka, wakafungua hotipoti la biriani. Mara ndovu akatokeza kichakani. Watu mbio garini, wengine na tonge mkononi, wakipiga mayowe. Mle garini, Bwana Faraj peke yake alijifunika kofia usoni.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

"Basi nimeshindwa, nitatembea," alijibu Mejumaa kwa unyonge, akamfungulia mlango. "Lakini biriani yako imebaki pale mkekani, bwana. Shuka uichukue, isije ikapoa."

"Nishuke? Una wazimu?"

"Kwani kuna nini?"

"Si yule pale, mwenye pembe iliyovunjika!"

Gari zima likaangua kicheko. Mejumaa akafunga mlango taratibu.

"Ndovu akishaondoka, Bwana Faraj, kaza kamba za viatu. Mombasa ni mbali."